Tunakagua kila chupa, mbona mbovu bado zinatoka?

SWALI: Shikamoo mwalimu, mi nasimamia kikundi chetu cha kufungasha asali hapa Ipuli, Tabora, asali yenyewe inatoka Sikonge. Tuna dada anakagua kila chupa, kifuniko na sili, ila oda ya chupa 1,000 ilienda Dar na mteja kapiga simu zingine zimevuja zingine zimechacha. Nimtoe huyu dada? Na oda ijayo nijaze ngapi?

JIBU: Marahaba. Usimtoe dada wa watu kabla hujampima, jicho linachoka, ya 600 haiangaliwi kama ya 6. Chukua chupa 20 unazojua ni mbovu, weka kialama chini ya kitako, zichanganye na nzima bila kumwambia, halafu hesabu kakamata ngapi. Rudia saa kumi jioni akiwa kachoka.

Tuseme kakamata 16, yaani 80%. Kama kila chupa 1,000 zina mbovu 50, atatoa 40 na 10 zinapanda gari. Ila kuna kosa lingine watu wengi hawalioni kabisa, anatoa na nzima pia, tuseme 4 katika kila 100, kwenye nzima 950 ni kama 38, kwa hiyo ndani ya kreti la mbovu una chupa 78 na karibu nusu hazina shida yoyote, hela yenu hiyo imekaa pale! Zinazopita ni 922, so ukitaka 1,000 za kupakia jaza kama 1,085, au kreti lile alipitie mtu mwingine muokoe zile nzima. Ukiweka mkaguzi wa pili kwa zinazopita, mbovu zitapungua kweli ila naye atakutolea nzima zingine, oda ikiwa kubwa hiyo iingie kwenye hesabu mapema.

Sasa hiyo ya kuchacha usimlaumu dada hata kidogo, asali inachacha ikiwa na unyevu mwingi, na unyevu hauonekani kwa macho. Pima kwenye ndoo kabla ya kujaza, kwa rifraktomita, kile kifaa kidogo cha kupimia unyevu wa asali, unyevu ukizidi 20% usijaze. Na koroga kwanza jamani, asali inanyonya unyevu wa hewa, tone la juu peke yake linadanganya.

Za kuvuja, zilaze kichwa chini usiku mzima juu ya gazeti, asubuhi ukiinyanyua chupa unaona pete ya asali kwenye karatasi, hata dada akiwa kachoka hawezi kuikosa.