Usichukue wasifu wa marehemu wa steshenari

Mkuu, simamisha hiyo kazi. Umesema mzee anazikwa Jumamosi na jamaa wa steshenari anao wasifu "uliokamilika" wa baba mpenda familia na kanisa, wewe ni kubadilisha majina tu. Nilifanya hivyo hivyo, na hadi leo dada yangu mkubwa akinikuta harusini anahama meza. Pole ya msiba nitakupa baadaye.

Bwana wa steshenari niliyempata mimi alikuwa na kibanda nje ya hospitali, jirani na wauza majeneza, mdomo mtamu kuliko wa mshenga. "Usihangaike kaka, wacha Mungu wote wanafanana." Nikamtumia majina kwa meseji, nikaenda kuhangaikia basi la kwenda Moshi. Kijitabu kilichorudi kilimfanya baba mwanakwaya, sauti ya nne. Baba! Mtu ambaye akianzisha pambio, jumuiya nzima inalimalizia haraka ili wapone. Nilipofika hapo katika kusoma, wanakwaya waliinamisha vichwa, na si kwa majonzi. Eti pia alibatizwa KKKT, kanisa letu la Kilutheri, mwaka 1946, wakati KKKT imezaliwa 1963 yalipoungana makanisa saba. Wazee wa usharika hayo wanayajua, wengine waliyaona. Sawa, hayo ni ya kucheka, yakapita.

Kilichotuua ni mstari wa mwisho: "Ameacha mjane na watoto wanne." Sisi tuko watano. Dada mkubwa baba alimzaa kabla hajamuoa mama. Akamchukua akiwa mdogo, akamlea, akamsomesha, akasimama naye siku ya kipaimara mbele ya usharika mzima, miaka ile ambayo wenzake watoto wa namna hiyo waliwaficha kwa bibi. Ukiniuliza ucha Mungu wa baba ulikuwa wapi, sikutajii bahasha za ahadi wala miaka aliyokuwa mzee wa kanisa. Ulikuwa hapo. Na ndicho nilichokifuta mimi kwenye kipaza sauti, dada akiwa kiti cha mbele ameshika msalaba.

Nikampigia yule bwana. Unajua alijibu nini? "Kaka, niliona ubini tofauti, nikadhani ni shemeji." Akalitoa jina bila kuuliza! Mtu unalipwa kuandika habari za marehemu, halafu unadhani?

Haikuishia makaburini. Kikao cha ukoo kilipokaa kuteua msimamizi wa mirathi, katibu alikuwa baba mdogo, mvivu wa kuandika, akanakili warithi kutoka kwenye kile kijitabu. Muhtasari ukafika mahakamani na watoto wanne. Dada akaweka pingamizi, na haki alikuwa nayo. Wapangaji wakagundua hakuna wa kuwadai kodi. Fedha za benki zikalala huku mama anakopa hela ya dawa kwenye kikoba. Bwana wa steshenari hapokei simu tena, ingawa hela ya nakala mia tatu aliipokea chapu.

Kwa hiyo sheria yangu ni moja: karatasi isiende kwa mpiga chapa kabla hujaisoma kwa sauti mbele ya mama, watoto wote, waliozaliwa nje ya ndoa wakiwemo, na shangazi mmoja asiyejua kunyamaza. Huyo shangazi usimkose. Mama anaweza kulimeza jambo kwa uchungu, shangazi hawezi. Akisema "mbona fulani hayumo?", kalamu hapo hapo. Majina yafanane na ya kwenye vyeti, herufi kwa herufi, maana mahakamani "Elia" na "Eliya" watakuambia ni watu wawili, uende ukale kiapo. Tarehe za ubatizo, kipaimara na ndoa kaombe ofisi ya usharika, rejesta wanayo. Baba mdogo mwache apumzike.

Uliuliza na mambo ya picha ya jalada, sijui nani asome, sijui kurasa ngapi. Picha yoyote aliyovaa koti. Mimi kilichonifanya nijibu ni pale ulipoandika "kuna mdogo wetu mwingine yuko Tanga, huyo tutamwona baadaye". Baadaye ipi? Mpigie leo, muulize majina yake matatu anayaandikaje, na kama hana nauli mtumie.