Landrover ya zamani usiijaze tisini kila mahali

Wakuu, leo naongelea oili na grisi za Landrover 110 za zamani, maana hii yangu mwaka wa kwanza ilinitoa jasho. Niliipeleka gereji nikamwambia fundi badilisha oili zote za chini, akasema leta dumu la tisini, ile oili nzito ya gia, nami bila kuuliza nikaleta, akajaza gia boksi, transifa (boksi ya nyuma ya gia boksi inayogawa nguvu mbele na nyuma), difu ya mbele na ya nyuma, akafuta mikono, kazi imeisha. Kesho yake asubuhi, na baridi ya Arusha mwezi wa saba mnaijua, gia ya pili haiingii, naipigania kama natwanga kisamvu mpaka nitembee kilomita 5 ndo inalainika. Nikajua sinkronaiza, zile ringi za kulainisha gia kuingia, zimekwisha, nikaanza kuulizia bei ya gia boksi, kumbe wala.

Gia boksi yake ni LT77 na ile inakula ATF, oili nyekundu kama ya pawastiringi. Ndani kuna kapampu kanakosukuma oili, sasa tisini ikiganda kwa baridi inapitaje pale? Nikaimwaga yote, nikaweka ATF ya Dexron lita 2 na kidogo, gia ikarudi kuingia kwa vidole viwili. Hizi gia boksi za R380 zilizokuja baadaye nazo hazitaki tisini. Ila kama yako ni Series, Landrover za kabla ya hii, ya gia nne, hiyo kweli ni tisini, tafuta tu iliyoandikwa GL-4 (daraja la oili ya gia), maana dawa iliyomo kwenye baadhi ya GL-5 inakula shaba.

Tisini ya EP iweke kwenye transifa, na kwenye difu iwe GL-5, mbele lita 1.7. Na tafadhali, kabla hujafungua nati ya kumwagia fungua kwanza ya kujazia, ikigoma basi angalau gari bado ina oili ya kukurudisha nyumbani. Ukiona transifa inajaa yenyewe halafu gia boksi inapungua, hapo katikati sili imekufa. Oili ikitoka kama chai ya maziwa ujue mtoni umeingiza maji, angalia na kabomba ka kupumulia ka difu, kakizibwa na tope oili inatafuta njia kwenye sili.

Grisi sasa. Beringi za habu na krosi za propela shafti weka lithium namba 2, kwenye niple pampu mpaka ya zamani itoke. Rangi haisemi kitu, soma kopo, na kama hujui ndani kuna grisi gani osha yote kwanza usichanganye. Zile bakuli za chuma za tairi za mbele zamani zilijazwa tisini, siku hizi kuna pakiti za grisi nyepesi maalumu, nzuri kama chuma kimeshaliwa na kutu. Yangu ya kushoto hata hivyo bado inadondosha, nikipaki nyumbani natandika boksi chini mama watoto asianze maneno.