Hiyo "sensa ya nikotini" ichomeeni udi kwanza

USINUNUE. We unayeuliza sensa ya mwanga ya kunasa kemikali za moshi wa sigara kwa vyumba vya gesti Nungwi, na uifunge umbali gani na feni, na inaungwa vipi na simu, skiza. Hiyo picha uliyoweka ndo dude lile lile alonipiga nalo mie muuzaji mmoja wa mjini, mdomo asali, muongo yule, ati "inanusa nikotini tu". Inanusa nini yakhe! Ndani mna kifeni kinavuta hewa, mna leza, mna na jicho linalopokea mwanga uliotawanywa na chembe za moshi, basi. Chembe inaziona, zimetoka wapi haijui. Na asikubabaishe na ukubwa wa chembe, za sigara nyingi ziko chini ya maikromita 1 (milimita moja ukiigawa mara elfu) na za udi vile vile.

Mie nkazifunga vyumba vyote, nkabandika na karatasi ya faini kila mlango, najiona injinia. Ikaja familia ya Wete wana harusi yao, bibi mmoja yuko na chetezo anafukiza nguo za watu, king'ora hicho mpaka barabarani, na mie mbio ngazini na risiti mkononi, namgongea mtu mzima namwambia bibi umevuta sigara. Wallahi alivyonisema kwa Kipemba chake nusu sikuielewa na bora hivyo. Kumbe shangazi yake tajiri wangu! Harusi nzima ikahamia gesti ya jirani, pesa ya sensa nkakatwa kwenye mshahara, na muuzaji kumpigia ati nimefunga vibaya.

Masika ndo usiseme, unyevu ukizidi chembe zinavimba maji, namba zinapanda chumba kitupu kimefungwa. Kavuta nani, jini?

Atakuja mwengine na sensa ya infraredi, mwanga usioonekana kwa macho, inayopima gesi ya kaboni monoksidi kwenye urefu wa wimbi wa maikromita 4.6. Hiyo kweli inapima gesi, ila na mkaa wa jikoni unatoa gesi hiyo hiyo. Nikotini yenyewe inafyonza mwanga wa urujuanimno, nao hauonekani kwa macho, karibu na urefu wa wimbi wa nanomita 260 lakini vitu kibao vinafyonza hapo hapo, ndo maana maabara huitenga kwanza kisha ndo wakapima. Kidude cha darini kitaitenga na nini?

Kabla hujatoa hata shilingi: udi, ubani, dawa ya mbu ya kuchoma. Ikilia hata kwa kimoja, hiyo sio ya sigara. Na uchome dukani kwake, mbele ya macho yake, akikwambia hapa hapachomwi kitu tia hela zako mfukoni uondoke.