Jibu: Binti yangu anaitwa "bonge" shuleni, nimpunguzie chakula?

Pole sana dada. Unasema binti yako wa miaka 10 anataniwa darasani na siku hizi chakula cha shule anakirudisha hakijaguswa, ukauliza kama na nyumbani umpunguzie. Hapana, usimpunguzie. Huyo tayari anajinyima mwenyewe, na anayejinyima mchana mara nyingi usiku hula kwa pupa, tena kwa kificho.

Umri huo wasichana wengi hunenepa kidogo kabla ya kurefuka, mwili unajiandaa kwa balehe. Ndiyo maana uzito wa mtoto hausomwi kwa kipimo cha watu wazima. Shirika la Afya Duniani (WHO) lina chati za miaka 5 hadi 19, za mwaka 2007, zinazoangalia umri na jinsia. Ukiwa na wasiwasi mpeleke apimwe, ila namba ibaki kwako na daktari.

Binti yangu mimi naye alikuwa anavaa sweta jua kali, kuficha mwili. Nikadhani ubishi tu. Kumbe siku ya kupimwa, mwalimu alisoma kilo zake kwa sauti mbele ya darasa zima, jina la utani likazaliwa hapo hapo. Nilimwendea mwalimu mkuu, bila kelele, nikaomba watoto wapimwe mmoja mmoja faraghani. Wakakubali. Utani haukuisha siku ile. Ulipoa mwalimu mwenyewe alipoacha kuucheka.

Na hao mashangazi wa "we, umenenepa!" kila wakija, wakatishe. Mimi pia niliacha kulalamikia tumbo langu mbele ya kioo. Alikuwa ananisikia.