Umepewa utaaluma? Kibao kiache kwanza

Kila Januari ni yaleyale. Mwalimu kijana wa sekondari kapewa utaaluma, yaani kusimamia masomo ya shule nzima, hata azimio la kazi, ule mpango wa kufundisha wa mwaka, hajalifungua, keshachongesha kibao cha kumvisha shingoni mtoto atakayenaswa akiongea Kiswahili. Juzi nimekikuta kingine, kimepigwa na vanishi kabisa! Wadogo zangu, hayo tuliyafanya sisi, na tuliyaona yalikotufikisha.

1. Jueni mnampokea nani. Mtoto wa shule ya msingi ya serikali kasoma kwa Kiswahili tangu darasa la kwanza. Usanisinuru anaujua, na mtihani wa darasa la saba kaufanya kwa lugha hiyo. Anaingia kidato cha kwanza, Baiolojia, Jiografia na Hisabati zote zimegeuka Kiingereza. Akinyamaza, msimwite mzito.

2. Amri za Kiingereza. Hapa mnivumilie. Nilipokuwa mkuu wa idara ya lugha nilipaka rangi mlango wa ofisi ya walimu, nikaandika kwamba asiyeongea Kiingereza hahudumiwi. Kikaoni nilisifiwa, nikavimba kichwa. Siku moja, wenzake wakiwa kwenye uji, binti wa kidato cha kwanza akasimama pale mlangoni. Nilimwona midomo ikimcheza, anapanga sentensi. Akatoa maneno mawili, akakwama. Nikamwambia aende akajipange, arudi akiwa tayari. Nikaendelea kusahihisha madaftari, tena nikijiona mwalimu wa maana.

Hakurudi. Mchana tukaitwa bombani, kaanguka. Malaria, homa ilikuwa inamchoma tangu usiku, na ruhusa ya kwenda zahanati ndiyo aliyokuja kuomba kwangu. Alipona, namshukuru Mungu. Mama yake alipokuja hakufoka. Aliuliza tu, "Mwalimu, huyu nyumbani anaongea mpaka tunamnyamazisha. Huku kapatwa na nini?" Nikababaika, nikamkaribisha kiti. Jioni nilichukua tina na matambara nikasugua ule mlango. Rangi niliyonunua kwa fedha yangu ilikuwa nzuri mno, ikagoma kutoka.

3. Kozi ya awali ya Kiingereza, ile ya kuwaandaa wanaoanza kidato cha kwanza, msimtupie mwalimu wa mazoezi, mwanachuo aliyekuja kujifunza kufundisha. Ingieni wenyewe.

4. Kiingereza si mzigo wa idara ya lugha peke yake. Kaeni nyuma ya darasa la Fizikia, mhesabu watoto waliofungua mdomo ndani ya dakika 40. Mtashtuka. Mimi nilijifunza kwa mzee mmoja wa Kemia ambaye semina za lugha alikuwa akizikimbia. Aliandika maneno magumu matano kwenye kona ya ubao, akaacha makundi yabishane kwa Kiswahili mpaka yaelewane, kisha kila kundi likasimama na sentensi moja ya Kiingereza. Hata wale wa dawati la nyuma walisema. Nilipokuwa mtaaluma nilimwomba awaonyeshe wenzake kila Jumatano. Alikubali kwa sharti la chai na maandazi. Walimu wa sayansi, ambao kwangu walikuwa hawaji hata kwa barua, walijaa. Nilipoteuliwa mkuu wa shule watu walitaja shahada yangu. Maandazi hakuna aliyeyataja, na niliyalipia mimi.