Amepata kipaimara, sasa hataki kanisa

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo, Padre. Mimi ni mama wa hapa Masasi. Kijana wangu wa miaka 15, tangu apate kipaimara haji ibadani. Juzi kaniuliza, "Mama, unamwamini Mungu wewe mwenyewe, au kwa sababu bibi alikuwa Mkristo?" Nikamfokea. Baba yake anasema achapwe. Nifanyeje?

JIBU: Milele na milele, amina. Mama, fimbo itamfikisha kwenye benchi la kanisa, moyo utabaki nje. Waefeso 6:4 inawakataza akina baba kuwachokoza watoto wao. Msomee mzee leo hii, kwa upole.

Swali la kijana wako ni jema, na Maandiko yalikwishalitarajia. Kumbukumbu la Torati 6:20 inasema mtoto atauliza maana ya amri za Bwana. Mzazi haambiwi afoke. Anaambiwa asimulie: "Tulikuwa watumwa wa Farao." Kwetu Masasi neno hilo liko karibu sana, maana mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa Anglikana alifika hapa na watu waliokombolewa utumwani, na kwa hao kanisa letu likaanza. Kijana amewahi kusimuliwa? Na habari zako wewe je? Mwaka mikorosho ilipokataa kuzaa, au ulipouguza mtoto, ulimwomba Mungu nini, ikawaje? Mwambie, pamoja na ombi ambalo hadi leo hujaona jibu lake. Wazazi wengi tunalificha hilo tukidhani tunalinda imani ya mtoto, kumbe yeye anaona kuwa tunaficha, na anaacha kuuliza.

Usimwite sebuleni kama kesi. Sura hiyohiyo, aya ya 7, inataja kuketi nyumbani na kutembea njiani. Mkiwa chini ya mikorosho mnatenganisha korosho na mabibo, mikono ina kazi na macho hayatazamani, hapo kijana huongea. Usimkatize.

Kanisa nalo lina deni, na hili linaniuma. Tunamfundisha mtoto hadi askofu amwekee mikono, kisha hatumpi kazi yoyote. Mwone padre wa mtaa wenu, ampe somo la kusoma au ahudumu madhabahuni. Baba yake wa ubatizo naye aje amtembelee, azungumze naye bila wewe kuwepo. Shuleni kama kuna UKWATA, umoja wa wanafunzi Wakristo, mhimize ajiunge.

Jumapili hii mwombe mwende pamoja. Akikataa, nenda, na ukirudi usimnunie. Mpe chakula chake, umwambie padre alihubiri nini.