Muulize Mwalimu: Mlima, maji kupwa na kazi ya nyumbani

SWALI: Mwalimu shikamoo. Mwanangu yuko kidato cha pili. Amepewa kazi ya nyumbani: "Eleza maana ya utamaduni, maana ya jiografia, na uhusiano wake." Nikamwambia utamaduni ni ngoma na mavazi, jiografia ni ramani na milima, na uhusiano ni kwamba watu wa baridi huvaa makoti. Baba yake akacheka mpaka akapaliwa. Yeye anasema jiografia ndiyo inayoamua kila kitu: ukizaliwa ukame utafuga, ukizaliwa ziwani utavua. Nani kati yetu ana haki? (Mama wa watatu, Tabata)

JIBU: Marahaba, mama. Koti lako si la kuchekwa, ila umeishia mlangoni. Baba watoto amekwenda mbali zaidi, na amepotelea hukohuko.

Maana tuzimalize haraka. Jiografia inauliza vitu viko wapi na kwa nini viko hapo: mvua, udongo, miji, barabara, watu. Utamaduni ni namna ya kuishi ambayo watu wamerithishana: chakula, lugha, mirathi, ibada, nani anashika jembe na nani anashika pesa. Ngoma imo, lakini ni kipande kidogo. Mtoto akiandika hayo atapata alama za kwanza. Alama ngumu ziko kwenye "uhusiano".

Mimi ni mzaliwa wa Kirua Vunjo, upande wa kusini wa Kilimanjaro, kwa hiyo nitakupeleka kwetu. Upepo wenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi unaugonga mlima upande ule, unapanda, unapoa, mvua inanyesha. Upande wa kaskazini unaambulia kidogo. Udongo ni wa volkano, mweusi, wenye rutuba. Hapo mlima umemaliza kazi yake. Haukumwambia mtu yeyote apande migomba. Mgomba asili yake ni Asia, ulifika Afrika kwa mikono ya watu. Kahawa ilikuja na wamisionari mwishoni mwa karne ya 19. Waliovipanga vitu hivyo vikawa kihamba, yaani shamba la Mchaga linalozunguka nyumba yake, ni wazee wetu. Juu kuna mringaringa na mruka wa kutia kivuli, chini yake migomba, chini ya migomba kahawa, chini kabisa magimbi, na ng'ombe yuko bandani analetewa majani yaliyobebwa kichwani na akina mama kutoka tambarare. Mgeni akipita Marangu anasema, "Msitu mzuri." Msitu gani? Kila mti pale umepandwa au umeachwa kwa makusudi, na mwenyewe yupo.

Maji je? Mito yetu inapita chini ya makorongo, vihamba viko juu kwenye migongo. Wazee wakachimba mifongo: mifereji inayochepusha maji kutoka juu karibu na msitu na kuyatembeza ubavuni mwa mlima mpaka uani kwa mtu. Yetu yalikuwa maji ya usiku. Yaliingia kwenye nduwa, bwawa dogo la udongo, yakalala humo. Alfajiri baba alizibua tundu la chini na sisi watoto tukayakimbiza kwa majembe kutoka shina hadi shina kabla zamu haijaisha. Siku ya kusafisha mfongo hakuna aliyeugua. Aliyekosa alitozwa faini, na faini ilinywewa papo hapo, maana ilikuwa mbege, pombe yetu ya ndizi.

Makorongo hayohayo yaligawa watu. Zamani kila upande ulikuwa na Mangi wake, yaani mtawala, na mpaka leo mtu wa Machame na mtu wa Rombo, kila mmoja akishika Kichaga chake, hawaelewani, wanahamia Kiswahili. Hiyo ni jiografia imeingia kinywani.

Sasa angalia mambo ambayo mlima haukuhusika nayo kabisa. Kahawa ilikuwa ya baba, mkungu wa ndizi ulikuwa wa mama. Chama cha ushirika cha KNCU kilipoanzishwa mwaka 1933, aliyepeleka gunia na kupokea hela ni mwanamume, na mama akaendelea na soko lake la ndizi. Mashina yanapumua hewa moja, mizizi inanywa mfongo mmoja. Udongo haujui nani mume nani mke. Desturi ndiyo iliyojua.

Na mirathi: kwa kawaida kifungua mimba alikatiwa sehemu, kitinda mimba akabaki na nyumba ya baba, wa katikati akatafute kwingine. Mlima hauongezeki, watoto wanaongezeka. Hao wa katikati ndio uliowakuta na maduka Kariakoo, Mwanza, Mbeya. Desemba ikifika wanapanda mabasi na kurudi kihambani, kwa sababu makaburi ya babu yako palepale chini ya migomba. Nauli ikipandishwa wanalalamika, na wanasafiri.

Kuhusu "ukizaliwa ukame utafuga": mwambie baba watoto atazame Samunge, kijiji ambacho nchi nzima ilikijua mwaka 2011 kwa kikombe cha babu, ile dawa ya kunywa. Wakati watu wamepanga foleni, ni wachache waliotazama mashamba. Wenyeji wa pale ni Wabatemi, wengi wetu tunawaita Wasonjo, na majirani zao ni Wamasai. Jua ni moja, ukame ni mmoja, wilaya ni hiyohiyo ya Ngorongoro. Mmasai anafuata malisho na ng'ombe wake. Mbatemi amekaa karibu na chemchemi, anamwagilia mtama, mahindi na viazi vitamu, na baraza la wazee wanaoitwa wenamiji ndilo linalogawa maji. Kama ardhi ndiyo ingekuwa inaamua, mmoja wao angekuwa amekosea anwani.

Mwaka 1925 mwanajiografia Mmarekani Carl Sauer aliliweka hivi: utamaduni ndio mtendaji, ardhi ya asili ndiyo malighafi, na mandhari tunayoiona ndiyo matokeo. Mtoto aliandike hilo, kisha atoe mfano wa kwao, si wa mtoni Nile. Wasahihishaji wamechoka na Nile.

SWALI: Mwalimu, nimeolewa Arusha lakini kwetu ni Paje, Unguja. Kila nikimwita mama aje kumwona mjukuu wake ananijibu, "Si bamvua hili." Mume wangu anadhani ni mambo ya uganga. Nimweleze vipi? (Binti wa Paje)

JIBU: Binti yangu, mweleze kwamba mama mkwe wake ana shamba la mwani, na shamba lenyewe liko chini ya bahari.

Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, mwezi na jua huyavuta maji kwa mstari mmoja. Maji yanajaa sana na yanakupwa sana. Kwa Unguja tofauti hufika kama mita 4. Hilo ndilo bamvua, mara mbili kila mwezi. Katikati yake ni maji mafu, bahari inasogea kidogo tu. Pwani yenu ya mashariki ni bapa na pana mpaka kwenye mwamba, kwa hiyo bamvua likikupwa bahari inaacha uwanja mkubwa wa mchanga. Na mume wako asikose kulijua hili: Unguja, maji ya bamvua hukupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi. Mwanga upo, maji yako magotini. Mama anapata saa chache za kufunga mbegu kwenye kamba, kukaza vigingi, kuvuna mwani uliokomaa baada ya wiki sita hivi. Akilikosa bamvua, mwani unakuwa mzito, unakatika, mawimbi yanauchukua. Hapo hakuna wa kumdai.

Kilimo hiki cha biashara kilianza kwenu mwaka 1989, na wengi walioingia ni wanawake. Kwa nini? Maji hayakuchagua. Wanaume walikuwa na ngalawa zao nje ya mwamba. Eneo la maji kupwa lilikuwa tangu zamani la akina mama, wakichokoa pweza, wakiokota chaza, wakifukia makumbi ya nazi mchangani ili wapate usumba wa kusokota kamba. Mwani ulipoletwa ulikuta mwenye uwanja. Kwa muda wanaume waliucheka. Hela ilipoanza kujenga vyumba na kulipa ada za shule, kicheko kikapungua.

Siku hizi maji yamepata joto, na ile aina yenye bei nzuri, kotonii, inakufa kwenye kina kifupi. Baadhi ya akina mama wanajaribu kusogea kwenye kina kirefu, na hapo inabidi wajue kuogelea na kushika mashua, mambo ambayo mabinti wengi wa pwani hawakufundishwa. Safari hii bahari imebadilika kwanza, na desturi inakimbia nyuma yake.

Mwite mama maji mafu. Siku tano anazo. Zikipita hizo, usimng'ang'anie.

SWALI: Nimehamishiwa Bagamoyo kikazi, natokea Iringa. Saa sita mchana wavuvi wamelala chini ya miti. Mwalimu, tuseme ukweli: joto si linaleta uvivu? (Mtumishi, Bagamoyo)

JIBU: Una wenzako wakubwa. Mwaka 1915 Mmarekani Ellsworth Huntington alichora ramani ya dunia kuonyesha ni hali ya hewa ipi inayowapa watu nguvu na maendeleo. Kwa bahati ya ajabu, sehemu bora zikaangukia kaskazini mashariki ya Marekani, alikokuwa akiishi mwenyewe, na Ulaya ya kaskazini magharibi. Watawala wa kikoloni walizipenda sana hoja za aina hiyo, maana zilirahisisha kumlipa mtu kidogo.

Dagaa huvuliwa usiku wa giza, taa ikiwashwa ili waje juu. Watu unaowaona chini ya mti wameshinda macho baharini usiku kucha, wamevuta nyavu, wamerudi, wameuza, wameanika, wamelala. Wewe wakati huo ulikuwa kwenye chandarua. Kesho nenda ufukweni saa kumi na mbili asubuhi, uende na ndoo, bei ya mapema ni nafuu.